Vibandiko vya Katanga Vinahitaji Macho ya Lubumbashi

Ua la shaba, ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense, huota kwenye udongo wenye shaba nyingi kiasi cha kuua mimea mingine. Watafuta madini walilifuata, na baadaye wanaakiolojia wakalitumia kutafuta mahali wazee wetu walipoyeyushia shaba kabla ya ukoloni.

Mimea mingi iliyochumwa Kongo enzi za Wabelgiji, ikiwemo ya Katanga, sasa imehifadhiwa mikavu katika Bustani ya Mimea ya Meise, karibu na Brussels. Bustani hiyo imepiga picha karatasi zipatazo milioni 1.2 za mimea ya Afrika na Ubelgiji. Lakini kompyuta haiwezi kutafuta jina lililo ndani ya picha mpaka mtu aliandike. Kwa hiyo mwaka 2018 Meise ilifungua tovuti ya DoeDat, na yeyote mwenye intaneti anaweza kujitolea kuandika.

Kazi yataka subira. Unaletewa picha: mmea uliobanwa kwenye karatasi, na chini yake kibandiko chenye mwandiko uliofifia. Unaandika aliyeuchuma, namba, mahali na tarehe, ambayo mara nyingi mwezi wake huandikwa kwa namba ya Kirumi: V ni Mei. Mwenye uzoefu zaidi hukagua.

Kwenye jina la mahali ndipo sisi wa Lubumbashi tunapohitajika. Msomaji wa Ubelgiji atapata kwenye ramani kwamba Élisabethville ni Lubumbashi na Jadotville ni Likasi. Je, atajua kwamba Étoile ndiyo Kalukuluku, mgodi ulioanza kuchimbwa na kampuni ya Union Minière mwaka 1911? Kijana wa mtaa wa Ruashi, hapa Lubumbashi, anajua.

Kukosea jina la mahali si kosa dogo. Baadhi ya mimea ya shaba haioti popote duniani ila Katanga, na kilima kikichimbwa, nayo hutoweka. Kibandiko kikisomwa vibaya, ushahidi wa kilichokuwapo unahamia kilima kingine.

DoeDat inatumika pia kwa Kifaransa, lugha ya shule zetu. Kweli, mega za intaneti ni ghali na umeme hukatika. Hata hivyo, wanafunzi wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) wakipewa chumba kimoja chenye kompyuta, na wastaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines wakaitwa kutaja majina ya zamani ya vilima, kazi itakwenda. Wazee hao hawatatungoja miaka mingi. Tuanze nao sasa.