Banjo ya Waafrika ndani ya muziki wa Ireland na Appalachia

Fidla, filimbi ya bati na zumari la mfuko linalojazwa hewa kwa kiwiko: ndiyo sauti iliyolipa jina kundi la The Chieftains, lililoanzishwa na Paddy Moloney mjini Dublin mwaka 1962. Lakini katika albamu yao ya mwaka 2002, Down the Old Plank Road, iliyorekodiwa Nashville, Marekani, Waireland hao waliketi pamoja na Earl Scruggs, bingwa wa banjo. Muziki ukaingiana bila shida.

Sababu yake ni ya zamani. Katika karne ya 18, maelfu ya watu wa Ulster, kaskazini mwa Ireland, wengi wao wenye asili ya Uskoti, walivuka Atlantiki hadi Pennsylvania, kisha wakashuka kwa mabonde ya milima ya Appalachia mpaka Virginia, Carolina na Tennessee. Walibeba fidla zao na nyimbo ndefu za visa.

Banjo hawakuibeba. Hiyo ni kazi ya Waafrika waliouzwa utumwani. Walitengeneza kibuyu kilichowambwa ngozi, wakakitia mkono mrefu na nyuzi, kwa kukumbuka vyombo vya kwao. Akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia ni ndugu yake wa karibu. Mwaka 1819, mjini New Orleans, Benjamin Latrobe alichora chombo cha namna hiyo alichokiona kwenye ngoma ya watu weusi, mahali panapojulikana kama Congo Square. Jina hilo msomaji wa Bukavu au Lubumbashi hawezi kulipita hivihivi.

Baadaye wazungu waliojipaka masizi usoni waliipiga banjo majukwaani huku wakiwadhihaki wenyewe walioibuni. Mmoja wao, Joel Sweeney wa Virginia, aliifikisha Ireland miaka ya 1840.

Kusahauliwa kwa watu weusi kulikuwa na mikono ya watu. Cecil Sharp, Mwingereza aliyekusanya nyimbo za Appalachia kati ya 1916 na 1918, aliandika karibu za wazungu peke yao. Miaka ya 1920 makampuni ya sahani za santuri yaligawa soko kwa rangi ya ngozi: blues kwa weusi, fidla na banjo za milimani kwa wazungu. Mpiga fidla mweusi hakuwa na rafu yake dukani.

Mwaka 2005, vijana watatu weusi, Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson, walianza kwenda Mebane, North Carolina, kujifunza kwa mzee Joe Thompson, mpiga fidla mweusi aliyekuwa amepita miaka 80. Kundi lao, Carolina Chocolate Drops, lilishinda Grammy mwaka 2011.

Mwaka uliofuata The Chieftains walitimiza miaka 50. Katika albamu ya sherehe hiyo, Voice of Ages, waliwaalika Carolina Chocolate Drops. Ilitoka Februari 2012, mwezi uleule aliofariki Thompson, akiwa na miaka 93.