Nembo tayari, mshiko 'njoo kesho'!

Wiki hii naomba ruhusa tuyaweke kando mambo ya mapenzi (najua kuna watakaonuna), tuchonge kuhusu kazi ambayo vijana kibao wa mjini wanaizimia, nayo ni udizaina wa kujitegemea. Namaanisha wale wanaobuni nembo, mabango, kadi za harusi, fulana na vipeperushi bila kuajiriwa na mtu, ofisi yao ikiwa ni kompyuta ya mkononi na simu.

Nazungumza kama mhusika, kwani safu hii peke yake hailipi pango. Chuo sikwenda. Nilipomaliza kidato cha nne nilijishikiza kwenye steshenari moja pale Kariakoo, nikawa nachapa barua za watu za maombi ya kazi, natoa fotokopi na kupanga kadi za michango. Si unajua tena Dar, msimu wa harusi ukifika kila mtu ana kamati, na kila kamati inataka kadi zake jana! Hapo ndipo nilipoizoea CorelDRAW, na mengine nikayaokota usiku kwenye video za mafunzo, muda ambao bando ni la bei poa.

Sasa nikupe ukweli ambao wale wanaojipiga picha na kompyuta zao huwa hawausemi. Kuchora siyo kasheshe. Programu zipo tele, Inkscape na GIMP ni za bure kabisa, na tangu Canva ilipoanza mwaka 2013 hata mama muuza keki anaweza kujitengenezea tangazo lake akiwa kwenye kochi. Kasheshe ni kuupata mshiko wako. Mjini hapa mteja anaweza kulipa fundi chuma, akalipa mpaka rangi, akalipa na kijana wa kupanda ngazi kulitundika bango, lakini aliyebuni kilichomo ndani ya bango anaambiwa 'njoo kesho'. Eti kwa kuwa ulikuwa umekaa tu, unabonyeza bonyeza!

Kuna mzee mmoja mwenye mgahawa, jina lake nalihifadhi, aliniita nimbunie nembo. Tukakubaliana shilingi 120,000, nusu kwanza, nusu akichagua. Makubaliano hayo nilimwandikia kwenye simu kwa lugha nyepesi, naye akajibu 'sawa kijana wangu', akarusha 60,000. Nikamtumia sampuli tatu, zote picha ndogo zenye neno SAMPULI limekatiza katikati. Akajibu, 'namba mbili ndiyo yenyewe'. Baada ya hapo, kimya. Nikipiga simu, anasema yuko msibani. Nikipiga tena, yuko safarini. Wiki ya tatu nikiwa kwenye daladala naiona namba mbili yangu imetundikwa mlangoni kwake, kubwa kama kitanda! Kumbe alikwenda kwa kishoka wa steshenari nyingine, akapewa ile sampuli aipitie juu kwa juu, neno SAMPULI likafutwa, na herufi zikawa zimepinda kama zimekunywa.

Nilishuka kituo kilichofuata. Nikamkuta kwenye kaunta, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba huku anaangalia pembeni. "Ile yako niliikataa, dogo. Hii nimechorewa na mwingine." Sikubishana. Nikafungua simu, nikamwonyesha maneno yake mwenyewe, tarehe na saa zikiwepo, pamoja na ujumbe wa ile 60,000. Watu wawili waliokuwa wanakunywa supu wakaacha vijiko. Mzee akanivuta jikoni, akanihesabia 40,000, ile 20,000 iliyobaki akasema nitakula chakula. Nimeshaila, pilau sahani nne, na pilau lake ni bomba, sitaki kumwonea.

Nasimulia hayo kwa sababu nikikaa na wenzangu kijiweni kila mmoja ana mzee wake wa mgahawa, ila wengi hawana hata mstari mmoja wa maandishi. Walikubaliana kwa mdomo, wakatuma kazi nzima kwa sababu mteja ni 'mshikaji', wakaishia kupigwa danadana. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na michoro inahesabika humo kama kazi ya sanaa. Lakini sheria haiji kijiweni kukutafuta, wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha mlikubaliana nini. Ujumbe wa simu wenye bei, idadi ya marekebisho na siku ya kumaliza siyo mkataba wa wakili, ila ni bora mara mia kuliko 'tutaelewana tu'.

Hiyo idadi ya marekebisho usiipuuze. Mimi natoa mawili. La tatu lina bei yake. Bila hivyo mteja ataleta maoni ya mkewe, kisha ya shemeji, kisha ya mtoto wa darasa la tano, na nembo ya siku mbili itakula mwezi.

Wapo wanaopenda kusimulia habari za yule dada wa Marekani, Carolyn Davidson, aliyechora alama ya Nike mwaka 1971 akiwa mwanafunzi na kulipwa dola 35. Husimulia kwa kumsikitikia. Mimi naona wanaisoma vibaya. Yule dada alikuwa na bei inayoeleweka, dola 2 kwa saa, akatoa hesabu yake na akalipwa. Mwaka 1983 kampuni ikamwita tena, ikampa pete na hisa. Kwetu hapa kuna watu wamechora alama za maduka yenye matawi mpaka mikoani na hata hizo 35 hawakuziona, sembuse pete.

Bei nayo unaipataje? Wengi wanauliza jirani anatoza ngapi, kisha wanashusha. Ndiyo maana tunakondeana wote. Mimi nahesabu pango, umeme, bando, nauli na chakula cha mwezi, nagawanya kwa siku ninazoweza kufanya kazi kweli, na siku hizo hazifiki 30, kwani nyingine zinakwisha kwa kufukuzia wateja na foleni. Kazi ikichukua siku tatu, natoza siku tatu na cha juu. Mteja akiguna, aende tu kwa wa elfu kumi.

Jambo lingine ambalo limenipa wateja wa kudumu ni kuijua mashine ya kuchapa. Madizaina wengi wanajua kioo tu. Kioo kinatengeneza rangi kwa mwanga wa aina tatu, lakini karatasi inatumia wino wa aina nne: samawati, majenta, njano na nyeusi. Ile kijani inayowaka kwenye simu, kwenye karatasi inatoka imefifia, na mteja atakulaumu wewe. Nenda kakae na fundi wa mashine nusu siku, mnunulie soda, umuulize anataka faili la aina gani. Atakwambia uache milimita tatu za ziada pembeni ili kisu kisile maandishi, na picha ziwe na nukta 300 kwa inchi. Atakwambia pia usimletee picha iliyotumwa WhatsApp kama picha, kwani inabanwa, na ukiikuza kuwa bango inakuwa chengachenga. Itumwe kama waraka. Mafundi hao ndio wanaonipigia simu siku hizi, "kaka, kuna mteja hapa kaja na uchafu, njoo umnyooshee."

Ukishaanza kupata kampuni kubwa, watakudai namba ya mlipakodi kutoka TRA, na jina la biashara unalisajili BRELA. Foleni ya kawaida, usiogope.

Kesho nina kikao na kamati moja ya harusi. Kianzio wametoa, hilo halina ubishi. Tatizo wanataka kadi zenye dhahabu inayong'aa, wakati zile wino nne ukizichanganya unapata rangi ya haradali, dhahabu ya kweli inahitaji wino maalumu au karatasi ya kubandika kwa joto. Nimewatajia gharama yake. Mwenyekiti akaniambia, "Subiri kwanza kijana, tukaitishe kikao kingine."