Tela la Umbo la Tone: Mkunjo, Upepo na Mvua

Tela la umbo la tone ni chumba kidogo cha kulala kilichopachikwa juu ya magurudumu mawili na kukokotwa na gari dogo, ambamo watu wawili hulala kwenye godoro lililotandikwa karibu na sakafu, na ambacho sehemu yake ya nyuma huinuliwa kama kifuniko ili kufichua jiko lenye makabati, meza ya kukatia na nafasi ya kisanduku cha barafu. Ndani yake hakuna mahali pa kusimama, na mpishi hufanya kazi yake akiwa nje huku kifuniko kikimkinga na jua au manyunyu. Paa lake halina pembe, kwa kuwa huanzia chini upande wa mbele, likapanda, likapinda na kushuka hadi nyuma kwa mkunjo mmoja, na mkunjo huo ndio uliolipa tela umaarufu wake nchini Marekani tangu miaka ya 1930, ingawa sababu inayotolewa kwa kawaida kuueleza si sababu yenye nguvu zaidi.

Sababu inayotolewa ni upepo. Miaka iliyotangulia kuzuka kwa matela haya ilikuwa miaka ya wahandisi kuamini kwamba tone ndilo umbo kamili la chombo kinachopenya hewa, na mwaka 1921 Edmund Rumpler alionyesha mjini Berlin gari lililoitwa Tropfenwagen, yaani gari-tone, ambalo lilipopimwa na Volkswagen katika handaki la upepo mwaka 1979 lilionekana kuwa na kizio cha ukinzani wa takriban 0.28, kiwango ambacho magari mengi ya miaka hiyo ya baadaye yalikuwa bado hayajakifikia. Kizio cha ukinzani ni namba inayoeleza jinsi umbo linavyoisumbua hewa, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo chombo kinavyopita kwa urahisi. Mwaka 1934 kampuni ya Chrysler ilileta sokoni gari la Airflow kwa imani hiyohiyo, na waundaji wa matela hawakubaki nyuma ya mtindo.

Hata hivyo, nguvu ya hewa inayokirudisha chombo nyuma haitokani na umbo peke yake, bali hupatikana kwa kuzidisha kizio hicho na ukubwa wa eneo linaloikabili hewa, kisha kuzidisha na mraba wa mwendo. Tone linalostahili sifa zake linahitaji mkia mrefu unaopungua taratibu ili hewa iendelee kuambaa juu yake, ilhali tela lenye urefu wa mita 2.4 na kimo cha mita 1.2 lina mgongo unaoshuka kwa ghafla mno, hivyo hewa huachana nalo kabla ya kufika chini na kuacha nyuma yake vurugu lisilo dogo sana kuliko lile la sanduku la kawaida. Isitoshe, tela husafiri ndani ya hewa iliyokwisha kuvurugwa na gari linalolikokota. Unafuu wa mafuta ambao wenye matela haya huusifia ni wa kweli, lakini unatokana zaidi na ukweli kwamba tela halizidi sana kimo cha gari na uzito wake mara nyingi huwa kati ya kilo 300 na 500. Kulipenda umbo kwa uzuri wake si kosa. Kosa ni kulidai kazi ambayo haliifanyi.

Kazi ambayo mkunjo unaifanya kwelikweli ni ya kuikabili mvua, na ili kuielewa inafaa kuanza na kipimo cha plaiwudi. Plaiwudi ni ubao uliotengenezwa kwa kugandamiza pamoja matabaka membamba ya mti, kila tabaka likiwa na nyuzi zinazokatisha zile za tabaka lililo chini yake, na nchini Marekani shiti moja huuzwa ikiwa na upana wa futi 4 na urefu wa futi 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44. Vipimo hivyo ndivyo vilivyokuwa vipimo vya tela lenyewe: shiti moja ilitoa ukuta wa kushoto, nyingine ukuta wa kulia na ya tatu sakafu, na mabaki yalitosha kwa makabati. Mwaka 1945, vita vilipokwisha na alumini iliyokusudiwa ndege ikatafuta wanunuzi wapya, kampuni ya Kit ilianzishwa California na kujenga jina lake kwa matela ya aina hii, na mwaka 1947 jarida la Mechanix Illustrated lilichapisha ramani ambazo mtu mwenye msumeno na subira angeweza kuzifuata nyumbani. Biashara hiyo haikudumu sana, kwani magari yalipata injini zenye nguvu zaidi, sheria ya mwaka 1956 ikafungua ujenzi wa barabara kuu za kuunganisha majimbo, na familia zikahamia kwenye matela makubwa ambamo mtu aliweza kusimama wima.

Alumini ilipatikana katika koili, yaani bamba refu lililoviringishwa, na koili yenye upana wa futi 4 iliweza kutandazwa kutoka ukingo wa chini wa mbele hadi mwanzo wa kifuniko cha nyuma bila kiungo chochote cha kukatisha. Hapo ndipo ulipo ubora wa mkunjo. Tela la mraba lina pembe ambapo paa hukutana na ukuta wa mbele, na pembe hiyo hupigwa na mvua kwa kasi ya gari zima, wakati tela la tone limebakiwa na maungio mawili marefu ya pembeni pamoja na bawaba ya kifuniko tu. Mjenzi wa leo anayetaka upana wa futi 5, ambao bila shaka ni mzuri zaidi kwa watu wawili wazima, hana budi kutafuta koili pana zaidi badala ya kuunganisha vipande viwili katikati ya paa, maana akiviunganisha atakuwa amelitupa jambo bora zaidi ambalo umbo hili lilimpa.

Kuta hujengwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza hutumia plaiwudi nzito ya milimita 18, ambayo hubeba mzigo wote yenyewe bila fremu, na njia ya pili hutumia fremu nyembamba ya mbao iliyojazwa povu gumu la kuzuia joto na baridi, kisha kuwambwa plaiwudi nyembamba pande zote mbili. Ya pili ni nyepesi na yenye joto la kutosha usiku wa baridi, ila inayapa maji mahali pengi pa kujificha, kwa hiyo fundi asiye na uzoefu hapaswi kuiona njia ya kwanza kama ya wavivu. Kati ya kuta hizo mbili hupangwa fito, ambazo ni mbao nyembamba zinazokatisha upana wa tela kila baada ya sentimita 30 hivi, zikikaribiana zaidi pale mkunjo unapokaza, na juu yake hulazwa plaiwudi ya milimita 3. Plaiwudi hiyo hupinda kwa upole ikielekezwa vizuri kulingana na nyuzi zake, na ikikataa, mafundi huilowesha kwa maji ya moto na kuiacha ijizoeze chini ya mikanda usiku kucha.

Kifuniko cha nyuma ndicho kinachowatia adabu wajenzi. Mbavu zake hukatwa kwa kufuata mkunjo uleule wa ukuta, plaiwudi nyembamba hupigiliwa na kugandishwa juu yake, na siku ya pili, mikanda inapofunguliwa, kifuniko huwa kimejinyoosha kidogo kwa sababu plaiwudi iliyopindwa haiachi kutaka kurudi katika unyoofu wake. Tofauti ya sentimita mbili kwenye ncha ya chini inatosha kuacha ufa ambao hakuna mpira wa kuziba utakaoumeza. Tiba zipo: mbavu zinaweza kukatwa kwa mkunjo uliokazwa kidogo kuliko ule unaotakiwa, au kifuniko chote kigandishwe kikiwa kimefungwa kwa nguvu juu ya tela lenyewe hadi gundi ikauke kabisa, na njia hii ya pili ndiyo yenye kuaminika zaidi. Bawaba inayokishikilia nayo si ya mlango wa kawaida, bali huundwa kwa vipande viwili virefu vya alumini, kimoja kikiviringika ndani ya kingine, ili maji yanayoteremka kutoka paani yapite juu ya kiungo au yaelekezwe pembeni kabla hayajaingia jikoni.

Kuhusu kulaza alumini juu ya plaiwudi, maoni ya mafundi yamegawanyika, baadhi wakiigandisha kwa gundi na wengine wakiiacha huru, lakini hesabu inawapa nguvu wale wanaoiacha huru. Kila mita ya alumini hurefuka kwa takriban milimita 0.023 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hivyo bamba la mita 4 linalotoka kwenye baridi ya alfajiri hadi kwenye jua kali, tuseme tofauti ya nyuzi 50, litarefuka kwa zaidi ya milimita 4, ilhali mti ulio chini yake haufuati mwendo huo. Bamba lililogandishwa litavimba na kufanya mawimbi, wakati lile lililoshikwa kwenye kingo tu, kwa mikanda ya alumini iliyokazwa kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, hupata nafasi ya kusogea. Chini ya mikanda hiyo hulazwa utepe wa butili, yaani mpira laini unaonata na usiokauka kwa miaka mingi, na kila skrubu hupitia katikati ya utepe huo. Skrubu za chuma cha kawaida hugeuka kutu, na kutu hiyo hupanua tundu na kulipa maji njia ya kuingia ndani ya mti.

Maji hayatoki nje peke yake. Watu wawili waliolala katika chumba kilichofungwa hutoa kwa pumzi na jasho karibu nusu lita ya maji kwa usiku mmoja, nayo hugeuka matone kwenye vioo na kwenye alumini yoyote isiyofunikwa, kisha hushuka hadi chini ya godoro. Kwa hiyo kila tela linahitaji tundu la hewa paani na dirisha linaloweza kuachwa wazi hata mvua ikinyesha, na kwa sababu iliyo nzito zaidi, jiko la gesi au la mkaa halipaswi kuwashwa ndani hata kwa dakika chache, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksidi haina harufu na chumba cha ukubwa huo hujaa upesi.

Uzito nao una kanuni yake. Tela ambalo mzigo wake umeelemea nyuma ya ekseli huanza kuyumba kushoto na kulia kadiri mwendo unavyoongezeka, na kuyumba huko kukianza hujilisha kwenyewe hadi gari la mbele lenyewe likose utulivu. Wamarekani hupendekeza kwamba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote iegemee kwenye mkono wa kukokotea, ilhali Waingereza, ambao huendesha matela yao kwa mwendo wa chini, hutosheka na asilimia 5 hadi 7. Katika tela la tone jambo hili lina mtego, kwa sababu jiko liko nyuma, na kisanduku kilichojaa barafu pamoja na dumu la maji huweza kubatilisha hesabu iliyofanywa tela likiwa tupu. Ndiyo maana ekseli huwekwa nyuma ya katikati na betri huwekwa mbele, juu ya mkono. Ekseli yenyewe ichaguliwe kwa uzito halisi, maana ile iliyokusudiwa kubeba kilo 1,500 ikipewa tela la kilo 450 haipindi hata kidogo, na kila shimo la barabarani hupita moja kwa moja hadi kwenye skrubu za kabati.

Anayekarabati tela la miaka ya 1940 huanza na yote haya yakiwa yamekwisha kutokea. Kuvu wanaoozesha mti hawastawi penye unyevu ulio chini ya asilimia 20 ya uzito wa mti mkavu, kwa hiyo uozo hauenei ovyo, bali hufuata mahali maji yalipotuama: ukingo wa chini wa kuta, chini ya milango, kandokando ya bawaba, na sakafu ya mbele ambako magurudumu ya gari hurusha tope. Fundi huchokoa sehemu hizo kwa bisibisi, na panapokubali ncha pasipo upinzani huwekwa alama. Kabla ya kung'oa chochote, ukuta wa zamani huchorwa umbo lake kwenye shiti mpya hata kama umeoza nusu, kwa sababu mkunjo wa Kit haufanani na wa Benroy, kampuni nyingine ya matela haya, na ukipotea hauwezi kukisiwa kwa jicho. Taa za zamani zilitumia volti 6 kama magari ya wakati huo, nazo hubadilishwa kuwa za volti 12, jambo ambalo hata wahafidhina wa kazi hii hawalipingi.

Wanachobishania ni alumini. Bamba la asili lenye mikwaruzo na vibonyeo linaweza kunyooshwa na kung'arishwa hadi liwe kama kioo, lakini kila ung'arishaji huondoa kiasi fulani cha metali, na kwenye mabamba ya aina ya ndege, ambayo yamefunikwa tabaka jembamba la alumini safi juu ya mchanganyiko mgumu zaidi, tabaka hilo likiisha kinachobaki chini yake hushika kutu kwa wepesi na haking'ai tena vilevile. Mwenye tela ambalo mbao zake zote zimebadilishwa hana kitu cha asili kilichobaki isipokuwa bamba hilo, mikanda yake na chasisi, hivyo ni busara aliache na makovu yake kuliko kulisugua hadi liishe, na kama tayari limetobolewa na kutu kiasi cha kupitisha maji, alibadilishe bila kusita na alihifadhi la zamani liwe kiolezo cha kukatia lijalo.