Kabla Uoshe Nyau Wako na Shampuu Yako, Cheki Hii Kwanza

Siku hizi si ajabu kupata msee wa bedsitter ako na nyau. Alikuja kufukuza panya, saa hii ako na jina, sahani yake na picha mingi kwa simu yako kushinda mathe. Shida inaanza siku ameanza kunuka ama kujikuna. Hapo watu huchukua chochote kiko bafu: shampuu ya nywele, Omo, hadi Dettol kidogo "ya kuua viini". Tulia kwanza. Paka haumizwi na maji, anaumizwa na kile umeweka ndani ya maji.

Kwani lazima aoshwe?

Mara nyingi, zii. Ulimi wa paka uko na vimiiba vidogo vinavyofanya kazi kama kichana, na anajilamba kila siku. Kama ni mzima na manyoya yake ni mafupi, mpige brashi mara moja au mbili kwa wiki na umwachie zingine.

Muoshe kama ameingia kwa mtaro, amemwagikiwa mafuta ya gari, ako na viroboto wengi, ama daktari wa mifugo amesema. Wale wa manyoya marefu kama Persian, na wale wamezeeka ama kunenepa hadi hawafikii mgongo, pia wanahitaji usaidizi wako. Lakini paka akiacha kujilamba ghafla, huyo hatafuti shampuu. Huyo ni mgonjwa, mpeleke kwa vet.

Mbona yako haimfai?

Sababu ni tatu. Moja, ngozi yako ina asidi kiasi, pH yake ni kama 5.5. Ya paka iko juu kidogo, inakaribia 7. Shampuu yako inamkausha ngozi, halafu anaanza kujikuna zaidi ya vile alikuwa.

Mbili, kila kitu unampaka, atakilamba. Ni kama umemwekea kwa sahani.

Tatu, na hii ndio kubwa, ini la paka haliwezi kuvunja kemikali zingine ambazo lako na la mbwa zinavunja poa tu. Ndio maana Dettol na mafuta ya tea tree, hata kama kwako ni sawa, kwake ni sumu.

Ile ya mbwa ndio ngori kabisa

Shampuu na dawa nyingi za viroboto za mbwa ziko na kitu inaitwa permethrin. Mbwa hana shida nayo, lakini paka inaweza kumuua. Dawa ya kupe ya ng'ombe pia usijaribu, hata ukiipunguza na maji.

Kama ashapakwa, cheki hizi dalili: anatetemeka, anatoa mate mob, anayumba akitembea, ama anapata kifafa. Usingoje kesho. Kama bado ako sawa, muoshe haraka na maji vuguvugu na sabuni ya vyombo isiyo kali, halafu mbio kwa vet. Kama tayari ana kifafa, usianze mambo ya beseni, nenda moja kwa moja. Beba ile chupa, daktari atataka kujua ni nini.

Ukifika agrovet

Usiulize tu "shampuu ya wanyama". Sema ni ya paka, halafu usome lebo mwenyewe. Lazima iandikwe ni ya paka, na ionyeshe umri. Watoto wa paka chini ya wiki 8 usiwaoshe na dawa ya viroboto. Tumia kichana cha meno madogo, ukichovya kwa maji ya sabuni ndio viroboto wazame. Zile za kunukia sana ziache kwa shelfu.

Kama manyoya yanatoka kwa mviringo, inaweza kuwa choa, ile mtaani tunaita ringworm. Hiyo inashika hata binadamu, sana sana watoto, so vaa glavu na umwone daktari. Anaweza kukupatia shampuu ya chlorhexidine na miconazole, ambayo hukaa kwa ngozi kama dakika 10 kabla ya kusuuza.

Kondishena je? Paka wa manyoya mafupi hahitaji, okoa doh yako. Inasaidia wa manyoya marefu ama mwenye ngozi kavu, na iwe pia ya paka. Weka kidogo, kutoka shingo hadi mkia, usuuze yote. Lakini kondishena haifungui mafundo. Chana kabla ya kuosha, ju maji yanakaza fundo zaidi.

Siku yenyewe

Fanya mchana kukiwa na joto. Funga mlango. Weka taulo chini ya beseni asiteleze. Maji yawe vuguvugu, pima na kiwiko kama ya mtoto. Tumia kikombe, shawa inamtisha.

Changanya shampuu na maji kidogo kwanza. Kama ako na viroboto, anza na shingo, ju wakishikwa na maji wanakimbilia kichwa. Uso panguza na kitambaa tu, na masikio yasiingie maji. Suuza hadi maji yatoke safi, halafu suuza tena. Mkaushe na taulo, asitoke nje kama bado ako na unyevu.

Na usidhani viroboto wameisha. Shampuu inaua wale wako kwake siku hiyo. Mayai yako kwa kapeti, kochi na kitanda chako. Osha matandiko na maji moto, fagia kila kona, na uulize vet dawa ya kudondoshea shingoni, ya paka, kulingana na kilo zake.

Na ile chupa ya mbwa iko kwa kabati? Pelekea jirani mwenye mbwa leo, kabla mtu kwa hiyo nyumba ajaribu kusaidia.