Singida: Maisha Juu ya Jiwe la Kale

Nyumba ya jadi ya Mnyaturu, mwenyeji wa mkoa wa Singida, Tanzania, ni tembe. Nguzo za mti mgumu huchimbiwa chini, magogo hulazwa juu yake, fito hupangwa, kisha hutandikwa majani na kumwagwa udongo unaoshindiliwa mpaka ukaze. Paa ni bapa. Aliyezoea makuti ya pwani, yaliyoinuka ili mvua iteleze, anaweza kudhani fundi alishindwa kupandisha paa. Sivyo hata kidogo. Singida hupata mvua ya milimita 500 hadi 800 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ya jua na upepo. Paa lililoinuka lingeezuliwa. Tembe hujikunyata, upepo ukapita juu yake. Udongo wa paani hukinga joto la mchana, na juu yake kina mama huanika nafaka na majani ya mlenda.

Na udongo wenyewe unatokana na mwamba. Mkoa huu umekaa juu ya matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, yaliyopoa kina kirefu ardhini, kisha mvua na upepo vikala udongo wa juu mpaka yakachomoza. Ndiyo hayo mawe makubwa ya mviringo unayoyaona mjini, moja limepakatwa na jingine. Ili kuupima ukale huo, linganisha na kwingine: huko Zumaia, mji mdogo wa pwani katika nchi ya Wabaski, Hispania, watu wanajivunia magenge ya tabaka za mawe yaliyojengeka chini ya bahari, na tabaka mojawapo ni ya wakati dinosaria walipotoweka, miaka milioni 66 iliyopita. UNESCO imeitambua pwani hiyo. Tabaka hiyo ilipojengeka, mwamba wa Singida ulikwisha kuwa na umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili.

Jiwe hili humeng'enyuka kuwa kichanga kisicho na rutuba nyingi. Ndiyo maana Mnyaturu hakutenganisha jembe na zizi. Samadi ilipelekwa shambani, shamba likatoa uwele na mtama, na familia yenye ng'ombe wachache ilijua mavuno yake yatakuwa haba. Ng'ombe huyohuyo ndiye mahari, ndiye maziwa ya watoto. Ukisikia wazee wakizungumzia mifugo kwa uzito ule, usidhani ni majivuno ya mali. Wanazungumzia chakula cha mwakani. Nafaka nayo ilisagwa juu ya jiwe: kubwa limelala chini, dogo mikononi mwa mama aliyepiga magoti.

Kaskazini, kwa Wanyisanzu wa wilaya ya Mkalama, mvua ilikuwa kazi ya utawala. Watemi wa mvua walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke wa ukoo mmoja, kwa kuwa mvua haikuweza kuombwa na upande mmoja tu. Naiona hiyo kuwa moja ya fikra nzito zaidi katika mila za mkoa huu.

Wilayani Iramba, jiwe lilitoa dhahabu. Mgodi wa Sekenke ndio uliowapa Wajerumani dhahabu ya sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zilizopigwa Tabora mwaka 1916.

Mjini Singida, kando ya miamba hiyo ya mviringo, kuna maziwa mawili, Singidani na Kindai. Maji yake ni ya chumvi kwa sababu hayana mto wa kuyatoa. Jua huyakausha, chumvi ikabaki, na ndege heroe hufuata chakula humo.

Leo mawe hayo makubwa ya matale yanapondwa kuwa kokoto. Kazi hiyo inalisha watoto na kuwalipia ada, wala siwalaumu wanaoifanya. Lakini tembe iliyobomoka inaweza kujengwa tena na anayeujua ufundi wake, na jiwe lililopasuliwa haliwezi. Wapondaji watengewe maeneo yao mbali na maziwa, na miamba ya kando ya Singidani na Kindai iwekewe mipaka ya hifadhi sasa, ingali imesimama.