Weusi wa Kisu Si Uchafu

Panga lililoshinda shambani likikata migomba hurudi nyumbani na mabaka meusi yanayoelekea bluu. Kuanzia Nkubu kule Meru hadi Runyenjes upande wa Embu, mabaka hayo yamezoeleka kama udongo mwekundu kwenye nyayo. Hata hivyo wengi wetu huyaonea aibu. Panga likifika nyumbani tunachukua mchanga au waya wa kusugulia sufuria, tunalisugua mpaka bapa ling'ae, kisha tunalichomeka darini. Baada ya siku chache tunalikuta na kutu nyekundu, tunailaumu mvua. Kosa si la mvua peke yake. Tulilivua panga nguo yake sisi wenyewe.

Visu vinavyohusika hapa ni vya feleji ya kaboni: mapanga, visu vya zamani vya buchani, na vile ambavyo mafundi wa jua kali hufua kutoka springi za magari chakavu. Feleji ya springi huwa na kaboni ya takriban asilimia 0.6. Kiasi hicho huiwezesha kuwa ngumu, kunoleka vizuri na kushika makali. Kisu kisichoshika kutu ni jamii nyingine: kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 au hivi, nayo hukifunika kwa utando mwembamba usioonekana. Kama hujui kisu chako ni cha kundi gani, dondoshea bapa tone la ndimu au siki, usubiri dakika kumi. Panapobaki doa la kijivu au jeusi, hicho ni cha kaboni.

Chuma hakipendi kubaki kitupu. Kikipata maji na hewa hushikana na oksijeni, na swali ni kimeshikana nayo vipi. Kutu nyekundu huvimba, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, na kwa sababu haishikamani vizuri hupukutika na kuacha chuma kingine wazi. Ndiyo maana kutu haishibi. Weusi una tabia tofauti. Sehemu yake ni magnetiti, oksaidi nyeusi ya chuma inayogandamana na bapa. Wahunzi wa kale wa Mbeere walichekecha mchanga mweusi wa mitoni na kuuyeyusha ili kupata chuma. Mchanga huo ni magnetiti hiyohiyo. Kwa hiyo kisu kinapoingia weusi, chuma kinarudia hali kiliyokaa nayo mtoni miaka mingi bila kuharibika.

Utomvu wa mgomba unaongeza kitu kingine: tanini. Ni ileile inayokausha ulimi ukitafuna ndizi mbichi au ukinywa chai iliyochemka kupita kiasi. Tanini ikikutana na chuma hufanya rangi nyeusi inayoshika kwelikweli. Huko Ulaya watu waliandika kwa wino wa tanini na chuma kwa karne nyingi, na maandishi yao yanasomeka hadi leo. Anayemenya ndizi za mukimo kwa kisu cha kaboni anatengeneza wino uleule bila kujua.

Utando huu wataalamu huuita patina. Unaweza kuungoja uje wenyewe kwa miezi ya kupika, au ukakipa kisu utando huo kwa jioni moja. Mara nyingine nakushauri usingoje, hasa kisu kikiwa kipya na mvua za Oktoba hadi Desemba zikikaribia.

Anza kwa usafi. Osha bapa kwa maji moto na sabuni, kisha lipanguse kwa spiriti. Mapanga ya kiwandani huja yamepakwa mafuta au vanishi, na pale vanishi ilipobaki weusi hautashika. Ukishasafisha usiguse bapa kwa vidole. Mafuta ya ngozi yataacha alama.

Majani chai hatuyakosi, sisi tulio jirani na viwanda kama Rukuriri na Mungania. Chemsha vijiko vinne vya chakula vya majani katika vikombe viwili vya maji kwa dakika kumi, bila maziwa wala sukari. Chuja kwenye chombo kirefu cha kioo, kisha ongeza kikombe kimoja cha siki. Usitie siki ndani ya sufuria ya alumini, kwa kuwa asidi huila. Siki ina kazi yake: inaula kidogo uso wa chuma ili tanini ipate pa kushika. Chai peke yake hufika palepale, ila polepole.

Mchanganyiko ukiwa vuguvugu, tumbukiza bapa, mpini ubaki juu. Kila baada ya dakika kumi kitoe, kisuuze, kipanguse taratibu kwa kitambaa, ukirudishe. Masizi yanayotoka kwenye kitambaa yaache yaende. Kinachobaki ndicho unachokitaka. Mizunguko mitatu au minne yatosha. Usikilaze humo usiku kucha, kwani siki itaendelea kula chuma na asubuhi utakuta vishimo. Mwishowe kisuuze kwa maji yenye kijiko kidogo cha baking soda ili kuua asidi, kikaushe papo hapo, ukipake mafuta kidogo.

Asiye na siki atumie mgomba. Kata ganda la ndizi mbichi, paka utomvu bapa zima, acha saa moja, osha, rudia. Rangi itakuja na mawingu yasiyolingana, na mimi naipenda zaidi hiyo.

Kuna makosa matatu ya kuepuka. La kwanza ni kukiweka kisu juu ya jiko ili kiwe cheusi. Feleji ikifika nyuzi 300 hivi za Selsiasi hugeuka bluu, na kwa visu vingi hapo ugumu alioutafuta fundi umeanza kupotea. Makali hayatakaa tena. La pili ni kuchanganya siki na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na klorini yenyewe huharibu chuma. La tatu ni kupaka oili chafu ya gari. Kwa panga la kufyekea ni desturi ya wengi, lakini kisu kinachogusa chakula kipakwe mafuta yanayolika, kwa mfano ya nazi.

Patina haikifanyi kisu kuwa cha milele. Ukikiacha ndani ya maji, au kikiwa na chumvi na damu ya nyama, kutu itapenya. Faida yake ni kuipunguza kasi, na pia kukizuia kisu kisitie kitunguu weusi na ladha ya chuma. Ukikinoa, ukingo utang'aa tena. Usihuzunike: ndizi na vitunguu vya wiki hiyo vitaurudishia rangi.

Basi leo jioni, ukishakausha kisu chako, kipanguse kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na wekundu, shika msasa laini, ondoa kutu, uanze upya kwa chai. Kikitoka kisafi na bapa ni jeusi, kirudishe mahali pake. Weusi huo umeletwa na mapishi yako mwenyewe, na ndio unaokilinda.