Uingereza: Msitu unaokatwa tangu 1252 bado umesimama

Bradfield Woods, msitu mdogo wa Suffolk, mashariki mwa Uingereza, unakatwa kwa zamu tangu mwaka 1252, ulipokuwa mali ya watawa wa Bury St Edmunds. Mgeni akiingia leo anakuta visiki vyenye kuchipuka. Mti unakatwa chini kabisa, mizizi inaachwa, na baada ya miaka 20 hivi machipukizi yanatoa tena kuni na mipini. Si kung'oa. Waliong'oa ni wenye mashamba, miaka ya 1960, hadi wakaaji wakapinga na sehemu iliyobaki ikaokolewa. Sasa kuna ugonjwa wa kuvu, uliogunduliwa Uingereza mwaka 2012, unaokausha miti iitwayo ash. Kisiki kimoja cha mti huo humo msituni kinakadiriwa kuwa na miaka 1,000.